Motere Iliyolala Usiku Kucha Haiwezi Kuamka na Homa

Leo sitasema juu ya bei ya chumvi wala juu ya baki. Nitasema juu ya gari. Tena si gari yote, ila kitu kidogo kama kidole kinachopima joto la maji ya motere, ambacho mafundi wetu wanakiita sonde. Wengine watasema hayo ni mambo ya garaji peke yake. Hapana. Kuna familia sita hapa kwetu ambazo zimekula mbegu zao za mpunga kwa sababu hakuna mtu aliyejipa taabu ya kupima.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, familia hizo, wote watu wa kutoka upande wa Kivu, zilipata mwenyeji mwema aliyewaazima shamba kwenye barabara ya Kalima. Walichanga pesa, wakakodi Hiace moja ya zamani. Wakapakia magunia ya mpunga wa mbegu, vijiti vya mihogo, majembe na masufuria. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila mlimaji anajua kwamba mvua haimngoji mtu.

Hawakufika mbali. Gari iliingia shimo moja, ikatingishika, na papo hapo mshale wa joto ukaruka mpaka kwenye nyekundu. Shofere akazima motere. Alifanya vizuri, sina lawama juu yake hata kidogo. Shofere anayeona nyekundu na kuendelea na safari ni adui wa motere na wa abiria wake. Lori moja likawavuta mpaka garaji hapa Alunguli. Jina la garaji sitalisema, maana yaliyotokea pale yanatokea kwenye garaji nyingi.

Fundi alifungua kapo, akatazama, akasema: "Kilase imekwenda." Hakuuliza swali lolote. Siku ya kwanza alitoa termostati akaitupa. Mshale ukabaki kwenye nyekundu. Siku ya tatu alifungua kilase. Kizibo chembamba kinachokaa kati ya kilase na bloku kilikuwa kizima, lakini kikishafunguliwa hakirudishwi, ni lazima kipya. Mtu akatumwa kuvuka mto kwa mtumbwi, akatafute huko Kasuku. Siku ya sita motere ikafungwa tena. Mshale ukapanda kwenye nyekundu. "Basi ni sonde," akasema fundi. Ikanunuliwa sonde iliyokwisha kutumika kwenye gari nyingine. Mshale, nyekundu. Siku ya nane akasema maneno ambayo sitayasahau: "Gari hii ina mashetani."

Hadi hapo dola 180 zilikuwa zimekwisha kutoka. Mwenye gari alikuwa amezitoa nusu, na nusu nyingine alizikata kwenye pesa ambazo familia zilikuwa zimelipa za safari. Mimi nilifika pale kwa kazi nyingine kabisa, kuandaa mazungumzo juu ya maji ya visima. Nikasikia kinu kinatwanga nyuma ya nyumba. Nikamuuliza mama mmoja anatwanga nini. Akanijibu bila kuinua macho: "Mbegu, mwanangu. Watoto hawali mshale."

Sasa sikilizeni namna ilivyokwisha. Siku ya tisa alikuja mzee mmoja, naye ni mhamaji wa vita, aliyefanya kazi ya malori miaka mingi huko Bukavu. Mzee huyo alikuwa amepita kwenye garaji ile ile mara mbili kuomba kazi, akaambiwa hakuna nafasi kwa watu wasiojulikana. Alimsalimu shofere, kisha akauliza swali ambalo kwa siku nane hakuna mtu aliyeliuliza.

"Mwanangu, mshale unapanda saa ngapi?"

"Mzee, nikitia tu ufunguo."

"Kabla ya kuwasha?"

"Kabla ya kuwasha."

Mzee akasema tungoje asubuhi. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya kapo, shofere alitia ufunguo bila kuwasha motere. Mshale ukaruka moja kwa moja mpaka nyekundu. Mzee akaweka mkono juu ya radiatere: baridi. Akatutazama sote, akasema: "Motere iliyolala usiku kucha haiwezi kuamka na homa."

Kisha akachomoa waya wa sonde. Mshale haukushuka. "Basi hata sonde haina kosa," akasema. Akaufuata waya kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Karibu na chuma kinachoshika batri, ngozi ya waya ilikuwa imelika, na shaba inagusa chuma. Akaufunga kwa utepe wa umeme, akausogeza mbali na chuma. Mshale ukaanguka chini. Kazi yote haikufika dakika 20. Aliomba bei ya chakula cha siku moja.

Nimeleta hadithi hii ili tuone hasara yenyewe iko wapi, maana haikuletwa na shimo la barabarani wala na uzee wa gari. Ilitoka kwenye desturi yetu ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Desturi hiyo nasema ni wizi, hata kama anayeifanya hana nia ya kuiba. Ukichukua pesa ya mtu kwa kubadilisha kitu ambacho hukukipima, umemuuzia bahati nasibu.

Fikirini kidogo. Mtoto akipata homa, tunampeleka kwenye kituo cha afya. Pale mwuguzi anamtoboa kidole, anaangalia damu, ndipo anatoa dawa ya malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka hivyo: pima kwanza, tibu baadaye, kwa sababu si kila homa ni malaria. Sisi wazazi tumezoea, na mwuguzi akitoa dawa bila kupima tunanung'unika. Mbona kwa fundi tunanyamaza? Mbona mtu anafungua kilase, kazi ambayo ni sawa na kumpasua mgonjwa kifua, wakati hajashika hata bomba la maji kuona kama lina moto?

Na kifaa chenyewe si fumbo. Ndani ya sonde kuna kitu kinachozuia umeme. Maji yakiwa baridi, kinazuia sana. Maji yakipata moto, kinalegea na kuacha umeme upite. Ni hivyo tu. Kwenye gari nyingi za Toyota ambazo tunazo hapa, sonde inayopelekea kompyuta habari ina kizuizi cha omu kati ya 2000 na 3000 kwenye joto la digrii 20, na ikifika digrii 80 inashuka hadi kati ya 200 na 400. Kwa hiyo fundi mwenye multimeta, sufuria la maji na mbabula anaweza kuipima sonde kwa muda wa kunywa chai. Anaitoa, anaiweka kwenye maji baridi na kusoma. Anapasha maji, anasoma tena. Namba zikishuka taratibu bila kurukaruka, sonde ni nzima. Zikibaki palepale, au zikikatika katikati, sonde imekufa. Maji yakichemka hapa Kindu, ambako tuko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya bahari, ni digrii 98 hivi. Kwa hiyo hata mtu asiye na kipimajoto anajua maji yake yako wapi yanapochemka.

Hata bila multimeta kuna vipimo vya bure. Cha kwanza ni kile cha mzee: asubuhi, motere baridi, tia ufunguo, tazama mshale. Cha pili ni kuangalia namna mshale unavyopanda. Maji ya motere hayawezi kutoka kwenye joto la kawaida na kufika kwenye kuchemka kwa kufumba na kufumbua. Joto la kweli linapanda hatua kwa hatua. Mshale unaoruka kwa sababu ya shimo unasema habari za waya. Cha tatu ni kuchomoa waya. Kwenye gari nyingi za zamani, sonde ya mshale ina waya mmoja tu. Ukiuchomoa, mshale unatakiwa kushuka chini. Ukishuka, endelea kuichunguza sonde. Usiposhuka, achana na sonde, fuata waya na tablo. Hicho kipimo kimoja kingeokoa dola 180 na magunia ya mbegu.

Hapa niseme pia kosa lingine linalotuchanganya. Gari nyingi zina sonde mbili. Moja inapelekea mshale habari, nyingine inapelekea kompyuta ya motere. Mtu analalamika kwamba gari inakunywa esanse sana, inatoa moshi mweusi, na plagi zinakuwa nyeusi, fundi anambadilishia sonde ya mshale. Ni sawa na kumpa dawa jirani wa mgonjwa. Kompyuta ikidanganywa kwamba motere ni baridi, inaongeza esanse, kama vile mama anavyoongeza kuni chini ya chungu ambacho kimekwisha kuchemka. Ikidanganywa kwamba motere ina moto, inapunguza esanse, na asubuhi gari inakataa kuwaka. Wakati huo mshale kwenye tablo unaweza kuonyesha vizuri kabisa, kwa kuwa hauhusiki.

Sasa nije kwenye ile tabia ya kutoa termostati, ambayo wengine wanaiita kalostati. Hapa kwetu imekuwa kama dini. Kila gari yenye mshale juu, wanaing'oa. "Huku kwetu ni joto, kalostati ni ya Wazungu," wanasema. Si kweli. Termostati ni mlango. Unafungwa asubuhi ili motere ipate joto lake haraka, na kwenye gari nyingi unafunguka karibu na digrii 82, maji yaende kwenye radiatere. Ukiutoa mlango huo, motere inafanya kazi chini ya joto lake, inakunywa esanse zaidi na kulika mapema. Na kuna motere ambazo termostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa kwenye motere hizo, maji yanapita njia ya mkato na kuirukia radiatere, na gari inapata moto kuliko mwanzo. Yaani dawa inageuka ugonjwa.

Wenye skana nao wasijifiche nyuma ya mashini yao. Siku hizi kuna vijana wenye simu na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya tablo. Ni kitu kizuri. Gari zilizouzwa Marekani tangu zile za mwaka 1996 zina lazima ya kuongea lugha hiyo moja, na za esanse za Ulaya tangu 2001. Gari za zamani zilizotoka Japani moja kwa moja, nyingine hazijibu kabisa. Lakini hata pale gari inapojibu, namba ya kosa si hukumu. P0118 inasema kompyuta inaona umeme mwingi mno kwenye njia ya sonde, kama vile njia imekatika. P0117 inasema umeme ni mdogo mno, kama vile njia imegusa chuma. Hakuna hata moja inayosema "nunua sonde". Zinasema "nenda ukaangalie njia hii": sonde, fishi, waya, na mwisho kabisa kompyuta.

Na kuipima njia hiyo ni kazi ya dakika tano. Chomoa fishi ya sonde, tia ufunguo, tazama skana. Kwenye Toyota na gari nyingine nyingi itaonyesha karibu digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Maniema haijaiona tangu kuumbwa. Hiyo ni alama kwamba kompyuta imeona njia imekatika, na ndivyo inavyotakiwa ufishi ukiwa umechomolewa. Unganisha matundu mawili ya fishi kwa waya mdogo: sasa itaonyesha joto kubwa mno, 140 au zaidi. Ikionyesha hayo mawili, kompyuta na waya ni vizima, na mshukiwa aliyebaki ni sonde. Usipoyaona, kosa liko kwenye waya au fishi, na hata ukinunua sonde kumi hutapona.

Kuna namba nyingine, P0128, inayosema motere haifiki kwenye joto lake. Mara nyingi inatokana na termostati iliyokwama wazi au iliyotolewa. Sasa angalieni mzunguko huu: fundi wa kwanza anatoa termostati, kompyuta inalalamika, fundi wa pili anasoma malalamiko na kuuza sonde. Mwenye gari analipa mara mbili kwa ugonjwa aliotiwa garajini.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Wewe ni mtu wa redio, unajua nini juu ya motere?" Ni kweli, mimi kazi yangu ni kipaza sauti. Lakini haya niliyoandika niliyaona kwa macho, nikayauliza kwa mafundi wanaofanya kazi kwa uaminifu, na hao wapo Alunguli. Tena huhitaji kuwa mpishi kujua kwamba chakula hakina chumvi.

Jibu la pili: "Hatuna vyombo." Hili nalikataa kwa nusu. Ni kweli skana nzuri ni ghali, na barabara zetu zinafanya kila kitu kiwe ghali. Lakini multimeta ya kawaida haifikii bei ya bidoni moja ya esanse hapa Kindu. Fundi anayeweza kununua simu ya kutazama mpira anaweza kununua multimeta. Na mkono, macho, na swali la "inapanda saa ngapi?" havinunuliwi popote.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu, na linatuhusu sisi wenye magari na sisi abiria. Fundi anasema: "Nikipima siku nzima nikamwambia mteja kosa ni waya, ananipa franka za sigara. Nikibadilisha kitu kikubwa, ananilipa." Hapo fundi anasema kweli. Sisi tumewafundisha mafundi kutudanganya. Tunalipa chuma, hatulipi akili. Tunataka kuona kitu kipya mkononi, ndipo tunaamini kazi imefanyika. Yule mzee wa Bukavu alipomaliza, mwenye gari alimpa pesa kwa kusitasita na kusema, "Kumbe ilikuwa utepe tu." Utepe tu! Mtu aliyelipa dola 180 kwa kukosea aliona uchungu kulipa kidogo kwa kupatia. Tukiendelea hivyo, tusilalamike.

Waangalieni wenzetu wa mitumbwi ya mashini hapa bandarini. Mwendesha mtumbwi akiwasha motere yake, kitu cha kwanza anachogeukia kutazama ni ule uzi wa maji unaotoka pembeni mwa motere. Maji yakitoka, anajua pompi inavuta maji ya mto. Yasipotoka, anazima mara moja na kuchunguza kama kuna takataka imeziba. Hafungui motere katikati ya Lualaba kwa kubahatisha. Anapima kwa jicho, kila siku, kabla ya kutoka. Akili hiyo tunayo tayari ng'ambo hii na ng'ambo ile. Kinachokosekana ni kuipandisha kutoka ufukweni hadi garajini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mshale mwekundu ni uongo. Motere zinapata moto kwa kweli: maji yanavuja, radiatere inaziba kwa udongo, mkanda unakatika, ventilatere inakufa, pompi inachoka, na kilase inaungua kweli kweli. Mshale ukipanda njiani, simama, zima, ngoja. Usifungue kifuniko cha radiatere wakati motere ina moto. Maji yale yamebanwa na yana joto kupita la kuchemka, na yatakuchoma uso. Ikiwa baridi, ndipo angalia kama maji yapo. Kama yamepungua, tafuta yalikokwenda. Kama hayakupungua, mabomba hayakuvimba, hakuna mvuke, na mshale bado unapiga kelele, ndipo uanze kuishuku sonde na waya wake. Hivyo ndivyo ushahidi unavyopangwa, kutoka rahisi kwenda ngumu, kutoka bure kwenda ghali. Wengi wetu tunaanza na kilase na kumalizia na utepe.

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo linalonichoma zaidi. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili uliofuata, watu wengi wameingia Maniema. Tunawahesabu kwa vichwa: kaya ngapi, watoto wangapi, maturubai mangapi. Hatuwaulizi wanajua kufanya nini. Kati yao kuna mafundi wa malori, mafundi umeme, walimu wa shule za ufundi, mashofere waliozoea barabara za milima. Yule mzee alifukuzwa mara mbili na garaji ambayo siku hiyo hiyo ilikuwa inashindwa na kazi ambayo yeye aliifanya kwa dakika 20. Walimtazama, wakaamua. Hawakumpima hata yeye.

Najua hofu ya vijana wetu: wageni watachukua kazi. Lakini Alunguli hakuna upungufu wa magari mabovu. Upungufu ni wa magari yanayopona. Gari ikipona, inarudi barabarani, inaleta mchele na mafuta ya mawese, inabeba mgonjwa, inamlipa fundi tena mwezi ujao kwa kazi ya haki. Gari ikifia garajini inabaki kuwa nyumba ya kuku, na fundi anabaki bila mteja.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na nayaomba kwa sauti.

Kwa mafundi: wekeni bei ya kupima, iwe wazi, tofauti na bei ya kutengeneza. Mtu ajue analipa kiasi fulani ili aambiwe ugonjwa. Na msifungue kilase ya mtu kabla hamjamwonyesha kwa macho yake kwa nini.

Kwa wenye magari: lipeni bei hiyo bila kununa, hata kama jibu ni utepe. Na daini mrudishiwe kila kitu kilichotolewa kwenye gari yenu. Termostati iliyotupwa ni pesa yenu iliyotupwa.

Kwa wauzaji wa vipuri vilivyokwisha kutumika: pimeni sonde mbele ya mnunuzi, kwenye maji baridi na maji ya moto. Kama hamtaki kuipima, mnajua mnachouza.

Kwa viongozi wetu wa mtaa na wa mji: kodi za garaji hazisahauliki hata siku moja. Basi na siku moja ya mafunzo isisahaulike. Kusanyeni mafundi wa hapa na mafundi waliokimbia vita, chini ya mti mmoja, na gari moja mbovu. Haihitaji mradi wala hotuba ndefu. Inahitaji multimeta, sufuria la maji na mzee mmoja anayejua kuuliza maswali.

Familia zile sita zilifika shambani hatimaye. Wamepanda mihogo, kwa sababu vijiti vilivumilia kivulini. Mpunga walipanda robo ya ule waliokuwa nao, kwa sababu ulikuwa umebaki robo. Wakati wa kuvuna, watu watasema wahamaji hawa ni wavivu, shamba lao ni dogo. Ninyi mliosoma hapa mtajua kwa nini ni dogo.

Kwa leo ni hayo kutoka Alunguli. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari yako, tia ufunguo utazame mshale.